Mifarishi ya Birongo: Kazi ya mkono isiyotafuta mnunuzi

Ukikaa barazani Birongo na sindano mkononi, viraka vimetandazwa mapajani, mpita njia hakosi kusimama akauliza, "Mwalimu, hiyo utauza pesa ngapi?" Huuliza kwa nia njema. Katika milima ya Gusii mkono usiokaa bure ndio unaosifiwa, na kazi ya mkono imezoeleka kuwa njia ya kutafuta karo, sabuni na chumvi. Fundi wa nguo ana wateja wake. Anayefuma vitambaa vya makochi ana oda za Desemba. Msusi wa vikapu ana siku yake ya soko. Lakini mtu anayeunga viraka mwezi baada ya mwezi bila kumtaja mnunuzi hana budi kujieleza.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nashona mifarishi, yale mablanketi ya tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati kitu cha kutia joto, chini bitana, na mishono inayopenya tabaka zote ili zisiachane. Ni uraibu wangu baada ya kazi ya darasani, na Jumapili alasiri hukaa na wenzangu tukafundishana. Sikatai biashara. Ninachosema ni kwamba kazi inayofanywa kwa raha na kutolewa bure inastahili heshima tunayoipa biashara, na kwamba kuunga viraka si jambo la kigeni kwetu, hata kama jina la mfarishi halitajwi mara nyingi huku bara.

Mvua ndiyo inayoamua unene

Birongo ni wadi katika eneo bunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii. Ni nchi ya migomba, majani chai, miparachichi na mashamba madogo yaliyopandana hadi vileleni. Nyanda za juu za Gusii huanzia takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na kupita 2,000, na mvua yake kwa mwaka huzidi milimita 1,500. Alasiri nyingi mawingu hujikusanya, mvua ikanyesha, kisha baridi ikaingia pamoja na giza. Julai ikifika, hakuna anayehitaji kuelezwa faida ya blanketi.

Hali hiyo ya hewa imetupangia namna ya kushona. Vitabu vya nje huelekeza katikati ya mfarishi patiwe pamba maalumu iliyotandazwa, ya kuuzwa kwa mita. Huku si rahisi kuipata, na hata ingepatikana, mfarishi mnene ukifuliwa asubuhi hukutwa na mvua ya saa nane ungali unachuruzika maji. Kwa hiyo katikati tunatia blanketi kuukuu lililokwisha kuwa jepesi, au shuka mbili za flaneli. Bitana hutoka kwenye shuka ya mtumba, kwa sababu ni pana na haihitaji kuungwa. Mfarishi wa namna hiyo hukauka kwa siku moja ya jua la vipindi. Ule mnene huvunda, na ukishavunda harufu haitoki.

Safari ya Daraja Mbili

Safari ya kwanza ya mshona viraka wa Kisii ni kwenda Daraja Mbili, soko kubwa la wazi mjini Kisii ambalo hufurika zaidi Jumatatu na Alhamisi. Mimi huenda shule zikifungwa. Bale la mitumba likikatwa kamba, wauzaji wadogo hulizunguka kuchagua kamera, yaani nguo za daraja la kwanza zisizo na doa wala mpasuko. Zinazobaki hushuka bei saa baada ya saa hadi kuwa fagia, lile lundo la mwisho linalouzwa kwa bei ya kumaliza ili muuzaji asirudi na mzigo nyumbani.

Sisi tunangoja fagia. Shati la mwanamume lililolika kola na kupoteza vifungo bado lina mgongo mzima na mikono miwili ya pamba safi, iliyofuliwa mara nyingi hata ikawa laini, isiyopungua tena wala kuchuja rangi. Gauni lililotoboka kwapani lina sketi pana isiyo na kasoro. Shuka iliyochakaa katikati, mahali pa kulalia, ni mpya kandokando. Mnunuzi wa nguo huona kasoro na kupita. Mshona viraka hutazama penye uzima, akapima kwa kiganja ni miraba mingapi itatoka.

Kuna jambo moja la kuchunga. Pamba na polista hufanana kwa macho, lakini kwenye pasi haziendi pamoja. Muuzaji akikuruhusu, vuta uzi mmoja pindoni uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua upesi na kuacha jivu laini. Uzi wa polista huyeyuka na kuacha kishanga cheusi kigumu. Wengi wetu tunatumia pasi ya makaa, ambayo haina mahali pa kupunguzia moto, na kiraka kimoja cha polista kikiyeyuka katikati ya safu kinaharibu kazi ya juma zima. Vitenge vipya navyo huwekwa kwenye beseni peke yake kwanza. Maji yakitoka na rangi, loweka tena hadi yatoke meupe.

Chanzo cha pili ni mafundi wetu wa sokoni. Januari, shule zinapofunguliwa, chini ya kila cherehani hulala vipande vya sare: buluu, kijani, damu ya mzee, na vile vya mirabamiraba. Mafundi huvitumia kujazia mito. Ukimwomba fundi akuwekee vile vinavyozidi upana wa kiganja, hukuwekea kwenye mfuko, na hupenda kuja kuona vimeishia wapi.

Kivuli cha mfuko

Shati la kazi, la mtu aliyelima au kuendesha mkokoteni nalo juani miaka mingi, lina siri yake. Ukitatua mfuko wa kifuani, chini yake unakuta rangi ya awali: mraba wa buluu iliyokoza katikati ya buluu iliyopauka, umezungukwa na matundu madogo ya mshono wa zamani. Mwanafunzi mgeni hutaka kuukata autupe. Mimi humwambia auache, aupange mahali utakapoonekana, kwa sababu hakuna duka linalouza kitambaa cha namna hiyo.

Nilijifunza kuuthamini mraba huo kutoka kwa wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kwenye kona ya mto Alabama. Wazee wao walikuwa watumwa katika mashamba ya pamba, na wajukuu wakabaki papo hapo kama wapangaji maskini, wakiilima pamba ya watu huku wakijifunika mifarishi ya nguo zao kuukuu. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka wa 1942 alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akaziunga kuwa mfarishi wa kujifunika ili abaki naye karibu. Kivuli cha kazi ya mtu yule kimo ndani ya kitambaa: palipopauka, palipotiwa kiraka, palipolindwa na mfuko. Mwaka wa 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika Whitney mjini New York, wapenzi wa sanaa wakakaa kimya mbele ya kazi za wanawake ambao hawakuwahi kusomea uchoraji. Mwaka wa 2006 posta ya Marekani ikachapa baadhi yake kwenye stempu.

Wanawake hao walishona kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi na watoto walikuwa wengi. Hawakumngoja mnunuzi awaambie kwamba rangi zimepangika.

Jumapili alasiri

Waumini wengi wa huku ni Waadventista, na Sabato yao ya Jumamosi haiguswi kwa sindano. Wakatoliki nao wana misa ya Jumapili asubuhi. Kwa hiyo darasa letu huanza Jumapili baada ya chakula cha mchana na kumalizika ng'ombe wanapodai kukamuliwa. Hakuna ada wala mtihani. Kila mmoja huja na mkasi wake, na anayejua humwonyesha asiyejua. Cherehani zetu ni za kukanyaga kwa miguu, chapa Butterfly ya kutoka China, kwa hiyo stima ikipotea, sisi hatusimami.

Somo la kwanza ni miraba tisa. Kila mraba hukatwa inchi 4 kwa 4. Mshono hula robo inchi kila upande, hivyo mraba uliokwisha kuungwa hubaki inchi 3 na nusu. Miraba tisa, mitatu kwa mitatu, hutoa pande la inchi 10 na nusu. Mapande 6 kwa 8 hutoa inchi 63 kwa 84, kipimo kinachofunika godoro la futi 4 kwa 6 na kushuka vizuri kandokando. Hayo ni mapande 48, yaani miraba 432. Anayesikia hesabu hiyo mara ya kwanza hushtuka. Tunamwambia akate pande moja tu leo, aende nalo nyumbani.

Kinachowashinda wengi ni ile robo inchi. Tuseme mshono umezidi kwa sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi. Kila maungio hula pande mbili, kwa hiyo hasara ni sehemu moja ya nane. Upana wa mfarishi huu una miraba 18 na maungio 17. Ukifika mwisho umepoteza zaidi ya inchi 2, na safu yako haikutani tena na ya mwenzako aliyeshona kwa makini. Dawa yake ni ndogo: bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kiwe mpaka wa kitambaa.

Pasi nayo ni nusu ya kazi. Mishono ya safu ya kwanza hulazwa kulia, ya safu ya pili kushoto, ya tatu kulia tena. Safu zikikutanishwa, mikunjo hiyo hukaliana na pembe nne zikagusana barabara. Kuna mong'ina mmoja, yaani mama mzee, katika kundi letu aliyeanza kushona baada ya kuacha kuchuna chai. Yeye hupapasa makutano kwa ncha ya kidole cha shahada bila kutazama, anasukuma kidogo huku, anavuta kidogo kule, na akisikia kwa mkono kwamba yamekaa ndipo hutia pini. Vijana wenye macho makali humpelekea safu zao awakagulie, na hawaoni haya. "Mong'ina, nishikie hapa," husema, naye huacha kazi yake akawashikia.

Juu ikikamilika, tabaka tatu hutandazwa sakafuni na kukazwa kwa bandi ndefu, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili mikunjo isukumwe nje. Kisha huja kazi ya mkono: kastabini kidoleni, mishono midogo ya kupenya tabaka zote, ikifuata mstari wa viraka au kukata mraba kutoka pembe hadi pembe. Hapo ndipo majirani wanapohitajika.

Egesangio ya sindano

Historia ya mifarishi ya Marekani imejaa habari za majirani waliokusanyika kwenye nyumba ya mmoja wao, wakazunguka mfarishi ulionyooshwa kwenye fremu, wakaumaliza kwa siku moja. Abagusii hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Egesangio, kundi la majirani wanaolima au kupalilia shamba la mmoja leo na la mwingine zamu ijayo, ni utaratibu wa milima hii tangu enzi za mababu. Tumeichukua kanuni yake ilivyo. Mwenye mfarishi ulioko sakafuni hupika chai na kuchemsha ndizi. Wengine huleta sindano na vidole. Zamu ikiisha, mfarishi wa mwingine hutandazwa, na hakuna anayerukwa kwa kuwa mshono wake ni mpana au rangi zake hazikupendeza jirani.

Mkono wa kuipokea kazi hii ulikwisha kuandaliwa zamani. Masomo ya sindano na uzi yalifika Gusii pamoja na misheni za mwanzoni mwa miaka ya 1910, Wakatoliki Nyabururu na Waadventista Nyanchwa. Kina mama wa Dorkasi, waliojiita kwa jina la yule mwanamke wa Yafa katika Matendo ya Mitume aliyewashonea wajane kanzu na nguo, wangali wanachanga na kuwavika wasiojiweza. Mwaka wa 1952 likaundwa Maendeleo ya Wanawake, na vilabu vyake vikafundisha ushonaji, ufumaji na usafi wa nyumba sehemu nyingi za nchi. Bibi zetu wengi walishika sindano ya kufumia kwanza katika mikutano hiyo. Vile vitambaa vyeupe vinavyofunika makochi na meza katika nyumba za Gusii ni matunda yake, na mgeni akiingia huketi juu ya miezi ya kazi ya mtu.

Pwani na ng'ambo ya bahari

Anayesema kuunga viraka ni mambo ya Wazungu na aitazame leso aliyojifunga mamake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vitambaa vya leso viliingia Mombasa na Zanzibar vikiwa vimechapwa kwa mfululizo, vya kukatwa kimoja kimoja. Historia ya kanga inasimulia kwamba wanawake wa pwani walikata vitatu kwa pamoja, wakaunga na vingine vitatu, wakapata nguo moja ya kujifunga yenye leso sita. Wengine walichanganya leso za aina mbalimbali ili wapate vazi ambalo hakuna mwingine mjini aliyekuwa nalo. Wafanyabiashara walipoona kinachopendwa ndipo wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa mwaka wa 1887, na chapa yake ya Mali ya Abdulla ingali inauzwa Barabara ya Biashara hadi leo. Kabla ya kiwanda kulikuwa na mwanamke na sindano yake, na kiwanda kilimfuata yeye.

Bahari hiyo hiyo iliwapeleka watu wetu mbali. Katika misitu ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika ambao wengi walifikishwa huko na biashara ya utumwa, baadhi kupitia bandari ya Goa chini ya Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa sari na nguo zilizochakaa. Hawatumii fremu. Mshonaji huanzia pembeni, akazunguka kuelekea katikati, akiongeza viraka kadiri anavyokwenda, na kwenye pembe huweka vipande vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Kabla ya kufunga tundu la mwisho hutiwa punje za mchele ndani, mfarishi usikae na tumbo tupu. Mwaka wa 2011 kazi zao zilionyeshwa katika Kituo cha Schomburg, Harlem, New York, kinachohifadhi historia ya watu weusi.

Tulipojaribu njia ya Wasidi darasani, iliwafaa sana wasio na cherehani. Haihitaji kukata miraba yote kwanza, wala meza, wala pasi kila hatua. Inahitaji shuka moja ya chini, uzi imara na subira. Kuna wazee wetu waliokataa katakata hesabu za inchi ambao sasa wanazunguka na kawandi zao, na wanashona moja kwa moja bila kuuliza mtu.

Matembezi ya kutafuta macho

Mshonaji akikaa na vitambaa peke yake, rangi zake huchoka. Kwa hiyo sisi hutoka kwenda kuona kazi za wengine. Tabaka, Mugirango Kusini, ndiko karibu zaidi. Tunaijua kwa mawe yake ya sabuni, lakini wachache husimama kutazama namna mapambo yanavyotiwa. Mwanamume huchonga sahani, mara nyingi wanawake huilainisha kwa msasa wa maji, hupakwa rangi, kisha fundi hukwaruza kwa ncha ya chuma hadi weupe wa jiwe uonekane chini ya rangi. Mapambo hutokea kwa kuondoa. Mmoja wetu alirudi akashona pande jeusi lenye mistari myembamba myeupe, akaipata ile sahani kwa kitambaa. Tabaka ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye Ndege wake wa Amani yupo makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na kijana wa Birongo anapaswa kujua kwamba kutoka Kisii hadi huko kulipitiwa na jiwe la kienyeji na mkono wenye bidii.

Nairobi ni safari ya mara mojamoja. Kuna Kenya Quilt Guild, chama cha washona mifarishi ambacho kimekuwa kikiandaa maonyesho jijini. Kuna Amani ya Juu, mradi wa ushonaji ulioanza mwaka wa 1996 kwa wanawake waliokimbia vita katika nchi zao, wakakutana Nairobi na kuanza kushona pamoja. Mojawapo ya kazi zao ni mfarishi wa umoja, wenye mapande yanayoonyesha maisha ya nchi mbalimbali za Afrika. Mwanamke ambaye nchi yake ilipigana na ya mwenzake hukaa naye meza moja, wakatafuta namna mapande yao yatakavyokutana kwenye mshono. Nasi tuliokaa Gusii na kuona uchaguzi ukiwatia majirani hofu tunalo la kujifunza hapo.

Hesabu ya bei

Rudi kwenye ile miraba 432. Kuna kutatua nguo, kufua, kupiga pasi, kukata, kuunga, kukaza kwa bandi, kushona tabaka zote kwa mkono, kuzungushia upindo. Ukiilipa kila saa kwa kiwango cha kibarua wa shambani, bei ya mfarishi itaipita mara nyingi ile ya blanketi la kiwandani linalouzwa mjini Kisii. Ukiishusha ili ilingane na ya blanketi hilo, umejinyima ujira wako mwenyewe na kumfundisha mnunuzi kwamba saa za mwanamke hazina thamani. Wapo wenzetu wanaouza foronya za mito na mikoba ya viraka, nami nawapongeza, kwa sababu kazi ndogo ina hesabu inayolipa. Mfarishi mzima hauna. Hilo si udhaifu wake. Ni kwamba umeumbwa kwa mtu fulani, na mtu huyo hajaja sokoni.

Mfarishi wetu hupewa mtoto aliyezaliwa, bibi harusi, na kijana anayeingia shule ya bweni akiwa hajawahi kulala mbali na kwao. Katika mfarishi wa bwenini hutiwa viraka vya nguo za nyumbani: aproni ya mama, shati la kaka, gauni la dada mdogo. Mzazi anayetupa nguo hizo kwa kuwa zimechakaa hajui anachokitupa.

Nguo za marehemu zina adabu yake. Hazikatwi kabla ya familia kukubaliana, wala kabla ya wazee kusema ziko huru. Familia ikikubali, shati la baba linaweza kuwafikia watoto wake wote, kila mmoja na mfarishi wenye kipande chake, badala ya mmoja kulivaa na wengine kubaki mikono mitupu. Nimeona ndugu waliokuwa hawasemezani wakikaa kugawana viraka hivyo. Sidai kwamba sindano hupatanisha watu. Nasema tu walikaa, na walipokaa walizungumza.

Tunachoomba, na la kwanza la kufanya

Kaunti zetu zina vyuo vya ufundi vyenye vyumba vya ushonaji. Vimewekwa kwa ajili ya vijana wanaosomea mitihani ya ufundi ya NITA, na hilo ni jema. Lakini Jumapili vyumba hivyo hufungwa na cherehani hulala chini ya vifuniko, huku kina mama wakishona sakafuni. Tunaomba vifunguliwe kwa saa chache, kwa watu wazima wasiotaka cheti. Hakuna jengo jipya la kujengwa wala bajeti ya kupigania. Panahitajika ufunguo, mlinzi, na mkuu wa chuo anayeamini kwamba mtu wa miaka 60 ana haki ya kujifunza kwa kuwa amependa kujifunza.

Kwa upande wetu kuna deni tunaloweza kulilipa leo. Vitambaa vilivyofumwa na bibi zetu vimejaa nyumba za Gusii, na sijaona hata kimoja kilichoandikwa aliyekifuma. Akifariki aliyekumbuka, kitambaa kinakuwa cha mtu yeyote. Mfarishi wa Missouri Pettway tunaujua kwa sababu binti yake alisimulia ni wa nani, ulishonwa lini na kwa nguo za nani. Kazi isiyo na bei isikose jina.

Kwa hiyo anza na miraba tisa, kwa nguo zilizomo nyumbani mwako. Ukimaliza, geuza mfarishi, kwenye pembe ya nyuma andika kwa uzi usiochuja jina lako, jina la unayempa, mwaka, na mahali uliposhonewa. Kama ni Birongo, andika Birongo.